Usanifu endelevu hufundishwaje studioni? Tuanze na kijiti cha kivuli kabla ya kompyuta

Mleta uzi

Wanajamvi, heshima kwenu.

Mimi ni msanifu majengo wa Dar es Salaam, na kila muhula hualikwa kuketi kwenye jopo linalosikiliza wanafunzi wakitetea kazi zao za studio, yaani darasa la kubuni majengo kwa kuchora. Muhula uliopita tulitazama michoro ya zahanati ya kata. Karibu kila kazi ilikuwa na kibango kilichoandikwa "Uendelevu", yaani ujenzi usioharibu mazingira, kimebanwa pembeni chini, chenye mshale wa bluu wa upepo, paneli mbili za jua na mti mmoja. Nilipomuuliza mwanafunzi mmoja upepo ule wa bluu unatoka wapi mwezi Julai, alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba unatoka kushoto. Alimaanisha kushoto kwa karatasi.

Sikumcheka, kwa sababu nami nilipita njia hiyo hiyo. Nikiwa mwaka wa tatu nilichora ofisi yenye ukuta mzima wa kioo unaotazama magharibi, nikasifiwa kwa ujasiri na kupewa alama nzuri. Miaka kadhaa baadaye nilijenga ofisi ndogo yenye wazo lile lile, na mwenye jengo akanialika saa kumi alasiri, akanivutia kiti karibu na dirisha, akaondoka. Hakusema neno. Nilikaa pale kama robo saa, shati likaloa, nikaelewa.

Hoja ninayoileta hapa ni kwamba studio nyingi zinafundisha uendelevu kama kiraka cha wiki ya mwisho, ilhali ni jambo la wiki ya kwanza, kabla umbo la jengo halijaamuliwa. Studio haifanani na darasa la mihadhara: mwanafunzi hujifunza kwa kuchora, kukosolewa mezani, kufuta na kuchora tena, na kile ambacho hakikuwekwa mezani tangu mwanzo hakijifunzwi hata kama kilisomwa katika somo jingine. Wengi wamefaulu mtihani wa sayansi ya majengo na bado wanageuza vyumba magharibi, kwa kuwa somo lile lilibaki kwenye daftari lake na studio ikabaki na meza yake.

Tuchukue jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya tarehe hizo, kuanzia Machi hadi Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linakuwa upande wa kusini. Mwishoni mwa Juni, adhuhuri, linasimama kama nyuzi 60 juu ya upeo wa kaskazini. Mwishoni mwa Desemba linasimama kama nyuzi 73 upande wa kusini. Mwanafunzi mwenye kikokotoo cha shule ya sekondari anaweza kupata kina cha upenu kutokana na namba hizo: dirisha lenye kimo cha mita 1.2 likitazama kaskazini linahitaji upenu wa takriban sentimita 70 ili jua la adhuhuri ya Juni lisiguse kioo, na likitazama kusini sentimita 36 zinatosha kwa adhuhuri ya Desemba.

Sasa aligeuze dirisha hilo magharibi. Mwezi Machi au Septemba, saa kumi na nusu alasiri, jua liko karibu nyuzi 30 tu juu ya upeo, na upenu unaohitajika unazidi mita mbili. Hakuna mteja atakayelipia upenu wa namna hiyo juu ya kila dirisha, na hata ukijengwa, nusu saa baadaye jua litakuwa limeshuka chini yake. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake haambiwi tena kwamba kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kwamba magharibi ni mahali pa stoo, ngazi na vyoo.

Katika vikundi ninavyovisaidia tunatumia kijiti cha kivuli. Unachapisha mchoro wa saa ya jua wa latitudo ya nyuzi 7 kusini, unaubandika kwenye kitako cha modeli ukiulinganisha na kaskazini ya modeli, unasimamisha kijiti chenye urefu ulioandikwa kwenye mchoro, kisha unatoka uani. Unainamisha na kuzungusha kitako mpaka ncha ya kivuli cha kijiti iangukie mwezi na saa unayotaka. Hapo jua halisi linaangaza modeli kama litakavyoangaza jengo, na mwanafunzi anachungulia ndani kwa jicho moja. Gharama ni karatasi moja na njiti moja. Kompyuta itakuja baadaye na itafanya kazi nzuri, ila kompyuta inampa mtu picha kabla hajajenga swali.

Kuhusu upepo tunatumia udi. Modeli ya kadibodi ya kipimo cha moja kwa hamsini, paa lake la plastiki angavu, feni ya mezani iliyowekwa mbali kidogo, na kijiti cha udi kinachofuka mbele ya dirisha. Moshi hausemi kasi ya hewa, na asije mtu akaandika namba kutokana nao. Unaonyesha njia tu, yaani wapi hewa inaingia, wapi inazunguka bila kutoka, na wapi haifiki kabisa. Zaidi ya hapo, studio inanukia kama nyumba ya harusi, jambo ambalo wakati wa usiku wa manane si dogo.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanafunzi na mafundi.

Mchangiaji: mwanafunzi wa mwaka wa pili

Shikamoo mwalimu. Nimesoma uzi wako mara mbili. Sisi tunapewa wiki kumi na nne kwa mradi mmoja, na wiki ya tatu tayari jopo linataka kuona wazo lenye umbo. Nikitumia wiki mbili kupima jua na upepo, wenzangu watakuwa na picha za kuvutia nami nitakuwa na majedwali. Alama zinatolewa kwa picha. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki na sitalikwepa kwa kukuambia uvumilie.

Usipeleke majedwali kwenye jopo, peleka mkato, yaani jengo likichorwa kana kwamba limepasuliwa katikati. Mchoro wa mkato wa jengo, uliochorwa vizuri kwa kipimo cha moja kwa ishirini, wenye mstari wa jua la Juni na wa Desemba ukigusa au kukosa dirisha, ni picha inayovutia kuliko mandhari ya kompyuta yenye anga la waridi. Utaonyesha umbo lako wiki ya tatu kama wengine, ila umbo lako litakuwa na sababu ya kusimama lilivyosimama.

Kazi ya kupima nayo si ya wiki mbili. Siku mbili zinatosha ukijua unachotafuta. Kuna majedwali ya Mahoney, yaliyochapishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za joto, ambayo yanajazwa kwa penseli: unaandika joto la juu na la chini la kila mwezi, unyevu wa hewa na mvua, kisha unafuata hatua mpaka yanakupa mapendekezo ya mpangilio, nafasi kati ya majengo, ukubwa wa madirisha, na uzito wa kuta na paa. Ukiyajaza kwa takwimu za pwani yetu yatakuelekeza kwenye majengo yaliyoachana ili upepo upite, vyumba vya safu moja vyenye madirisha pande mbili, matundu makubwa ya ukutani, na kuta nyepesi. Ukiyajaza kwa mji mkavu wa bara, majibu yanabadilika. Jaza ya miji miwili usiku mmoja, uyaweke sambamba. Hilo ndilo somo lenyewe.

Mchangiaji: fundi mwashi, Tanga

Ndugu mleta uzi, nimejenga kwa zaidi ya miaka ishirini na ninakubaliana nawe, lakini niruhusu niseme yanayotokea michoro yenu ikifika kwetu.

La kwanza ni upenu. Mchoro unaonyesha sentimita 70, mwenye nyumba anakuja na rafiki yake, wanahesabu mbao za kenchi na bati, upenu unakatwa mpaka sentimita 30, na msanifu hayupo. La pili ni madirisha. Mnachora tundu kubwa, kisha linawekwa dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo hata likifunguliwa lote linaacha nusu tu ya tundu wazi, kwa sababu kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Juu yake kunakuja wavu wa mbu, ambao nao unapunguza hewa, na nondo za wezi. Upepo mliouchora kwa bluu unabaki nje. Zile luva za zamani za vioo vyembamba zinafungua karibu tundu lote, lakini vijana wanaziona za kizamani. Wanafunzi wenu wakipima moshi wa udi, basi wapime wakiwa wameweka wavu na nusu ya dirisha imezibwa, ndipo watajua.

La tatu ni tofali. Kila mradi wa wanafunzi siku hizi unaandika "matofali ya udongo ya kufungamana" kana kwamba udongo wote ni mmoja. Udongo wa huku bondeni una mfinyanzi mwingi, tofali linapasuka likikauka. Kabla ya kuandika neno hilo kwenye mchoro, mwanafunzi achimbe udongo wa kiwanja chenyewe chini ya ule mweusi wa juu, autie kwenye chupa yenye maji, atikise, aache utulie hadi kesho yake, na aangalie mchanga umekaa kiasi gani chini na mfinyanzi kiasi gani juu. Kisha atengeneze kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, akijaze udongo uliolowa, auache ukauke na apime umesinyaa kwa kiasi gani. Hapo ndipo atajua aongeze mchanga au saruji kiasi gani. Na asisahau kwamba tofali hilo linahitaji kufunikwa na kumwagiliwa maji baada ya kufyatuliwa. Likikaushwa juani siku ile ile, saruji aliyoinunua imepotea bure.

Mleta uzi

Fundi, mchango wako peke yake ungetosha kuwa mtaala wa mwezi mmoja. Jambo la wavu na nusu ya dirisha sikuwahi kulitia kwenye jaribio la udi, na nakiri ni upungufu mkubwa. Nitalifanya.

Niongeze kwa nini saruji inatusumbua kiasi hiki. Ili kuipata, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri hadi karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotoka inatokana na jiwe lenyewe linapovunjika kikemia, wala si moto peke yake. Hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi kabisa, hewa hiyo itatoka. Ndiyo maana saruji inahesabiwa kuwa chanzo cha takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Mwanafunzi anayeweka paneli za jua juu ya slabu nene isiyohitajika ameshabeba deni kubwa la hewa ukaa kabla taa ya kwanza haijawaka. Matofali ya kuchoma nayo si kimbilio la moja kwa moja, kwa kuwa tanuri za vijijini zinakula magogo, na magogo yana mahali yalikotoka.

Mchangiaji: msanifu, Nairobi

Nawasalimu kutoka Nairobi. Nina hofu moja kuhusu uzi huu: wanafunzi wa bara watausoma na kubeba masharti ya pwani kama yalivyo. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai watu wanavaa sweta ndani ya nyumba. Nimeona miradi ya wanafunzi huku yenye kuta nyepesi zilizotobolewa kila upande, imenakiliwa kutoka picha za majengo ya nchi za joto kali, na mtumiaji wake angetetemeka kila asubuhi. Hapa ukuta mzito una faida, kwa sababu mchana una jua na usiku una baridi. Ukuta unapokea joto mchana na kulirudisha jioni.

Nina swali pia. Kama pwani inataka kuta nyepesi, mbona nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina kuta nene vile, na watu wameishi humo karne nyingi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, onyo lako nimelipokea. Swali lako nalipenda zaidi, kwa sababu ni la aina inayoifaa studio: linaharibu kanuni nyepesi.

Kuta zile ni nene kwanza kwa sababu ya kilichopatikana. Jiwe la matumbawe lililoshikwa kwa chokaa haliwezi kusimama likiwa jembamba, na sakafu zinabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za Lamu ni virefu na vyembamba. Pili, ukuta ule haukuachwa upigane na jua peke yake. Vichochoro ni vyembamba, nyumba moja inaitia kivuli nyingine, chokaa nyeupe inarudisha mwanga, kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kinaachia hewa ya moto ipande, na vyumba vina kimo. Tatu, juu ya paa huko Lamu watu huezeka makuti, mahali pa kupunga upepo. Nyumba ile ni mfumo mzima, na anayenyofoa kipande kimoja, tuseme ukuta mnene, akakiweka peke yake katikati ya kiwanja cha Mbezi kisicho na mti, atapata tanuri la mkate.

Kwa hiyo ningependa wanafunzi waipime nyumba ya namna hiyo kabla hawajaisifu. Wapeleke kipimajoto, wasome kichochoroni, kiwandani, ndani na juu ya paa, asubuhi, adhuhuri na usiku. Wachore mkato na kuandika namba mahali pake. Tumezoea kuchora zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na milango iliyochongwa, na michoro hiyo ni mizuri, lakini haituambii nyumba inapumuaje.

Mchangiaji: mkandarasi

Mnaongea vizuri, lakini wateja wangu wanataka vioo na viyoyozi. Hakuna aliyewahi kuja ofisini kwangu kuuliza habari za kijiti cha kivuli. Je, hamwafundishi vijana kazi ambayo hawataipata?

Mleta uzi

Mteja hakuulizi kijiti, ila anakuuliza bili ya umeme, na anakuuliza akiwa amechelewa. Studio ndiyo mahali pa mwisho ambapo msanifu atapata muda wa kujifunza kujibu swali hilo kabla halijaulizwa. Wanafunzi wa miaka ya mwisho wajifunze pia kutumia vipimo vya soko, kwa mfano EDGE, mfumo wa kuthibitisha majengo wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, unaodai jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati au hewa ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Ni lugha ambayo benki na wateja wakubwa wanaielewa. Nakubali kipimo hicho katikati ya mradi. Sikubali kikiwa ndicho mwanzo wake, kwa sababu kinamfanya mwanafunzi awinde asilimia badala ya kuwinda kivuli.

Na si kweli kwamba kazi hizo hazipo. Msanifu Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi jijini Berlin alipoanza kubuni shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso. Ilikamilika mwaka 2001: matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, dari yenye matundu, na paa la bati lililoinuliwa juu kabisa ya dari ili hewa ya moto ipite katikati. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapata Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kwa wasanifu duniani. Paa lile ndilo ninalotaka wanafunzi wetu walichore upya, kwa kuwa bati tunalo kila mtaa na tunalipigilia moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto.

Hapa nyumbani tunalo Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli ya miaka ya 1970, yenye paa la miavuli mikubwa ya zege inayotia kivuli eneo lote na kuacha hewa ipite kati yake. Liliungua Julai 2021, na huzuni ya wafanyabiashara ndiyo iliyojaa magazetini, kama ilivyostahili. Lakini miaka mingi kabla ya hapo tulikuwa tumeligeuza soko hilo kuwa mahali pa kupita tukiwa tumeinamisha kichwa. Ningemwambia kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asimame chini ya paa la namna ile adhuhuri na kuuliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukipoteza asilimia 20 kwa kumwagika na kuvukiza, linakupa lita 80,000. Zahanati zile kumi na kitu nilizozitaja mwanzoni zote zilikuwa na paa kubwa kuliko hilo, na ni moja tu iliyochora gata.

Mchangiaji: mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwalimu, jana usiku tulijaribu. Tulikuwa wanne, modeli ya darasa moja, feni ya kukopa na udi wa mama yangu. Kwanza moshi ulipita vizuri kutoka dirisha hadi dirisha tukafurahi. Kisha tukakumbuka maneno ya fundi, tukaziba nusu ya kila dirisha na kubandika kipande cha chandarua. Moshi uliingia kidogo, ukazunguka nyuma ya ubao na kukaa pale pale. Korido tuliyoiweka upande wa kusini mashariki ndiyo iliyokuwa inaukinga upepo wa kusi, na hatukuwa tumeliona hilo kwenye kompyuta wala kwenye mchoro. Tumeihamishia upande wa pili na kuongeza matundu juu ya lenta. Utetezi ni Jumatano. Tuipeleke modeli mpya peke yake?

Mleta uzi

Pelekeni zote mbili, na ile iliyoshindwa iwekeni mbele, na chandarua chake kikiwa bado kimebandikwa. Chukueni na udi.